Silensi inayoyumba kwenye tustroki: kabureta, sili za kranki au pistoni imelegea?

"Tufunge valvu boss, itatulia." Hiyo ndo sentensi ya kwanza niliyoambiwa siku nilipopeleka DT yangu, pikipiki ya Yamaha ya tustroki, kwa fundi, silensi (yani resi ya injini ukiwa umeachia aksereta) inapanda yenyewe, inakaa huko juu kama mtu kashika aksereta, alafu inashuka ghafla inazima. Nikamuuliza valvu gani mkuu, akacheka, akainama kuangalia, akanyamaza. Simlaumu. Mafundi wengi wa mtaani wamekulia kwenye Boxer na TVS, injini za fostroki zenye tapeti na kemshafti za kusukuma valvu, na hizi DT na AG100 zilizokuwa za mabwana shamba na mapadri zimebaki chache. Tustroki ya namna hii haina tapeti kabisa, pistoni yenyewe ndo inafungua na kufunga matundu kwenye ukuta wa silinda, na kitu pekee cha kuitwa valvu ni ridi, vile vijani vyembamba nyuma ya kabureta. Kwa hiyo mtu akikwambia kliaransi kwenye hii injini anatakiwa awe anamaanisha nafasi ya pistoni na silinda, mwanya wa ringi, mchezo wa konrodi (ule mkono unaounga pistoni na kranki) na mchezo wa beringi za kranki. Basi.

Sasa shida ni kwamba dalili za vitu vitatu tofauti zinafanana masikioni: kabureta chafu, hewa ya wizi (inayopenya kwenye maungio au kwenye sili, ile mipira inayoziba kushoto na kulia mwa kranki), na injini iliyolegea. Na gharama zake hazifanani hata kidogo, moja ni kazi ya nusu saa na waya mmoja, nyingine ni kufungua krankikesi yote. Ndo maana nimeona niziweke ubavu kwa ubavu, maana mimi mwenyewe nilichagua vibaya mara ya kwanza na nitaeleza.

Niseme mapema ninachokiamini, pistoni iliyolegea haipandishi resi. Pistoni ikiisha, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka, silensi inakuwa ya chini na dhaifu, mlima inakataa. Resi ikipanda yenyewe pale unapoachia aksereta, hapo kuna hewa inaingia mahali ambapo haikutakiwa, au slaidi ya kabureta, kile kipande kinachonyanyuliwa na waya wa aksereta, haishuki. Watu wengi wanachanganya hapa, wanachonga silinda nzuri kabisa alafu pikipiki inarudi nyumbani na ugonjwa ule ule.

Kabureta au hewa ya wizi

Anza na mpini. Washa, iache silensi, geuza usukani kushoto mpaka mwisho alafu kulia mpaka mwisho. Resi ikibadilika, tatizo ni waya wa aksereta, umevutwa sana au umepitishwa vibaya chini ya tenki, legeza kidogo uende zako. Usicheke, hii nimeiona mara mbili na mara zote mbili mwenye pikipiki alikuwa ameshanunua kabureta mpya.

Kama sio waya, vuta choki. Choki ndo kipimo cha bure kuliko vyote. Pikipiki ikiwa ya moto, resi imening'inia juu, ukavuta choki kidogo ikatulia au ikaanza kukaa vizuri, maana yake ilikuwa na njaa ya mafuta, yani hewa imezidi. Ukivuta choki ikazima pale pale au ikaanza kukohoa moshi, basi mafuta yalikuwa yanatosha au yamezidi, angalia upande wa kabureta: floti imepanda, sindano ya floti imelika, choki haikai vizuri kwenye kiti chake, eya klina imejaa vumbi.

Ila njaa ya mafuta nayo ina mama wawili, jeti ya silensi iliyoziba na hewa ya wizi. Kuzitofautisha tumia skrubu ya hewa. Izungushe mpaka ikae chini taratibu bila kukaza, alafu ifungue mzunguko mmoja na nusu, hapo ndo pa kuanzia kwa kabureta nyingi. Sasa pikipiki ikiwaka cheza nayo robo robo. Kabureta nzima inakujibu, resi inapanda mahali fulani na inashuka ukipita. Kama unazungusha na hakuna kinachobadilika kabisa, njia ya silensi imeziba, fungua toa ile jeti ndogo uiangalie kwenye mwanga, kitundu chake ni kidogo mno, tumia uzi mmoja wa waya wa shaba wa umeme, sio sindano ya cherehani maana itapanua tundu na utakuwa umeharibu jeti. Na kama jeti ni safi, skrubu ya silensi (ile inayoshikilia slaidi juu) umeilegeza mpaka mwisho na bado resi iko juu, acha kabureta. Hapo ni hewa.

Kabla hujaacha lakini, kama kabureta ilifunguliwa karibuni hakikisha slaidi haikurudishwa kinyume. Ule upande uliokatwa unatakiwa kuangalia eya klina. Ukigeuzwa kuelekea injini pikipiki inawaka ikipiga kelele za resi na utatafuta ugonjwa wiki nzima.

Kuna jambo la mwinuko pia. Pikipiki iliyosetiwa Dar au Mombasa, usawa wa bahari, ukiipeleka Njombe ambako ni karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa hiyo mafuta yanazidi, plagi inakuwa nyeusi yenye utelezi, silensi inashuka pole pole mpaka inazima na unalazimika kuipigapiga resi iamke. Hiyo sio ugonjwa, ni jeti, weka jeti yenye namba moja pungufu au fungua skrubu ya hewa kidogo. Ila angalia ukiteremka nayo tena kwenda pwani, ile seti ya Njombe itakuwa na njaa kule chini na njaa kwenye tustroki inaunguza pistoni. Kushuka ndo hatari.

Kupuliza au kupima kwa presha

Ukishajua ni hewa, njia mbili za kutafuta inapoingilia. Ya kwanza ni kupuliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo, kwenye mpira wa kabureta, kwenye gasketi ya ridi, kwenye gasketi ya chini ya silinda, nyuma ya magineti (lile gurudumu la umeme upande wa kushoto wa kranki), na pikipiki ikiwa inaunguruma. Ukipuliza resi ikabadilika umepata. Ni rahisi, ni haraka, na ni ya kuogopa kidogo maana ile dawa inawaka na ekzosi iko hapo hapo ya moto, kwa hiyo usimwage kama unamwagilia mchicha. Kasoro yake kubwa ni kwamba haifiki sili ya kulia. Sili ya upande wa klachi iko ndani, imezungukwa na oili ya gia boksi, utapuliza mpaka kopo liishe hutaona kitu.

Ya pili ni presha, na kama ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha kila mwenye tustroki afanye jambo moja ningechagua hili. Unaziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira na bamba, unaziba upande wa kabureta, unaziba na kile kimrija cha oili kama una Autolube (pampu ya Yamaha inayochanganya oili yenyewe), pistoni unaishusha chini kabisa ili matundu ya silinda yafunguke na krankikesi na silinda viwe chumba kimoja, alafu unajaza upepo mdogo, kama 6 psi, usizidishe sana maana utazifumua sili zenyewe. Inatakiwa ikae dakika 5 au 6 bila kushuka kwa maana. Geji unapata wapi? Kipimo cha presha ya damu cha zamani kile cha mpira wa kuminya. 6 psi ni kama milimita 310 za zebaki, na kile kipimo kinaishia 300, kwa hiyo ukijaza mpaka karibu na mwisho umefika. Mimi nilipewa kibovu cha dispensari ambacho kitambaa chake kimechanika, mrija na geji vikiwa vizima, nikaunga kwenye valvu ya tubu ya baiskeli. Ikishuka, paka povu la sabuni kila maungio, na upande wa kulia fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia boksi usikilize, upepo ukitokea hapo sili ya kulia imekwisha.

Sili ya kushoto na sili ya kulia

Zote zinaleta silensi mbovu ila kwa tabia tofauti. Ya kushoto, iliyoko nyuma ya magineti, inavuta hewa kavu. Plagi inakuwa nyeupe, resi inaning'inia, pikipiki ikiwa baridi iko sawa, ikishachemka ndo vituko vinaanza. Hii ndo inayoua pistoni kimya kimya. Ya kulia inavuta oili ya gia boksi, kwa hiyo moshi unakuwa mwingi na hauishi hata baada ya kilomita kadhaa, plagi inalowa, na oili ya gia boksi inapungua wakati chini hakuna tone. Wakati mwingine inakuwa kinyume, petroli inasukumwa kwenda kwenye gia boksi, ukinusa kijiti cha oili unasikia petroli. Moshi wenyewe peke yake usikutishe, Autolube iliyofunguliwa sana nayo inatoa moshi, na pikipiki iliyolala wiki mbili inaweza kuwa imevujisha oili ndani, itatoa wingu dakika chache alafu inaacha.

Kubadilisha ya kushoto ni kazi ya asubuhi moja, toa magineti kwa pula yake (sio kwa nyundo, tafadhali), ng'oa sili kwa uangalifu usikwaruze kiti, weka mpya. Ya kulia unafungua upande wa klachi, na kwenye baadhi ya injini inabidi ufungue krankikesi yote.

Lakini kabla hujaweka sili mpya shika ile magineti kwa mikono miwili uitikise juu chini. Ikicheza hata kidogo, beringi za kranki zimekwisha, na hapa ndo silensi na kliaransi vinakutana, kranki inayoyumba inaikata sili, sili inavuta hewa, hewa inapandisha resi. Utaweka sili mpya leo na itakufa tena baada ya muda mfupi. Fundi anayekuwekea sili bila kutikisa magineti anakuuzia sili mbili.

Pistoni, pini au konrodi

Hapa tunasikiliza. Pistoni iliyolegea inagonga kaka-kaka kama mtu anagonga kopo, zaidi ikiwa baridi, ikipata moto inapungua maana alumini inavimba inajaza nafasi. Pini ya pistoni na beringi yake ndogo ya juu inalia kwa sauti nyembamba, kama sarafu kwenye chupa, na haipungui ikichemka. Mlio wa konrodi kwa chini ni mzito, ngo-ngo-ngo, unausikia hata miguuni kwenye vikanyagio, ukikaza resi unaongezeka. Huo wa chini usiendelee kutembea nao hata kwenda sokoni.

Masikio lakini yanadanganya, pima. Fungua silinda hedi na silinda, vuta konrodi juu chini wima, inatakiwa usihisi kitu, kabisa. Kwenda pembeni kushoto kulia inaruhusiwa, imewekewa nafasi. Wengi wanatikisa pembeni wanasema imekufa, na injini nzima inafunguliwa bure.

Pistoni inapimwa kwa maikromita, chini kwenye sketi kama milimita 10 kutoka ukingoni, upande wa mbele na nyuma, sio upande wa pini. Silinda inapimwa kwa ndani juu, kati na chini, mara mbili kila mahali kwa kuvuka. Toa moja kwenye nyingine unapata nafasi yako. Kwa hizi injini ndogo za kupozwa na hewa, silinda ya chuma, pistoni mpya huwa inaachiwa kama 0.035 mpaka 0.05 mm, karibu nusu ya unene wa karatasi, na ikifika kama 0.1 mm muda umefika. Kitabu cha pikipiki yako ndo mwamuzi. Mwanya wa ringi ni rahisi zaidi, ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), mpya iko 0.3 mpaka 0.5 hivi, ikikaribia 0.8 badilisha.

Geji ya kompresheni inasaidia kama hutaki kufungua, ila kumbuka namba ya Mbeya haiwezi kuwa namba ya Tanga hata injini zikiwa pacha, juu hewa ni nyepesi na geji inasoma chini. Linganisha pikipiki na yenyewe ya mwaka jana, sio na ya rafiki yako wa pwani.

Kama ilishawahi kunoki, yani pistoni kukwama kwenye silinda, usitupe pistoni kabla hujaisoma. Mikwaruzo sehemu nne, yani kwenye kona nne za pistoni, ni kwamba ilibanwa: nafasi ilikuwa ndogo, au mtu aliwasha ikiwa baridi akaikaza resi. Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake, joto lilizidi, na mara nyingi ni njaa ya mafuta, rudi kwenye hewa ya wizi. Sketi ya upande wa kabureta ikiwa imesagika ya kijivu bila mng'aro, kama imepigwa msasa, ni vumbi limepita kwenye eya klina. Sababu usipoitibu, pistoni mpya itaandikwa maandishi yale yale.

Ringi tu, kuchonga, kuvalisha sleevu au silinda ya mtumba

Tuseme umepima na silinda kweli imekwisha. Ringi tu nakubali pale ambapo nafasi ya pistoni bado iko ndani ya kipimo na silinda haina mikwaruzo ya kushika kucha, unaikwaruza silinda kidogo kwa mawe ya kuhoni ili ringi zipate pa kushika. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyotanuka ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa, kompresheni inapanda wiki mbili.

Kuchonga na kuweka pistoni kubwa ndo chaguo langu kwa DT na AG100. Pistoni zinapatikana kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, unachonga kiasi kidogo kinachotosha kufuta mikwaruzo, usirukie 1.00 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani maana baada ya hapo hakuna pa kwenda. Nunua pistoni kwanza, mpelekee mchongaji iwe mkononi, achonge kwa kuipima hiyo hiyo, na mwambie nafasi unayotaka kwa namba. Wachongaji waliozoea fostroki wana tabia mbili zinazoua tustroki. Moja, wanaacha kingo za matundu ya silinda zikiwa kali kama wembe, ringi inapita pale inanasa inavunjika, inatakiwa kingo zisuguliwe ziwe butu kidogo. Mbili, wanakadiria kwa mkono, "ikiingia kwa kidole iko poa". Haiko poa. Na wewe ukifunga, mshale wa kwenye pistoni uangalie ekzosi, na mwanya wa kila ringi ukae kwenye kale kapini kake, ukikosea hapo kiki ya kwanza tu inatosha kuvunja.

Pistoni za kufua, zile za mashindano, ni imara lakini zinavimba zaidi, zinahitaji nafasi kubwa na kuipasha injini kwa subira. Kwa mtu anayeenda shambani na kurudi, ya kawaida ya kumiminwa inatosha sana.

Kuvalisha sleevu mpya (bomba la chuma la ndani ya silinda) ni kwa silinda iliyofika mwisho wa kuchongwa, inafanya kazi ikiwa mkerezaji anajua kulinganisha matundu, asipolinganisha pikipiki inakuwa nzito milele. Silinda ya mtumba ni bahati nasibu, nenda na maikromita yako dukani, muuzaji akikukataza kupima, ondoka.

Na wenye YZ na KTM za motokrosi, haya ya kuchonga hayawahusu. Silinda zao ni alumini iliyopakwa nikeli ngumu kwa ndani, ukiipeleka kwenye mashine ya kuchonga umeimaliza, zinapakwa upya au unanunua nyingine.

Ukiniuliza na hela yako ni ndogo, mpangilio wangu ni huu: waya, choki, skrubu ya hewa, kusafisha jeti, kipimo cha presha, kutikisa magineti, na ndo baadaye kabisa kugusa silinda. Mimi nilianzia mwisho. Fundi mwingine alisikiliza mlio akasema pistoni, nikanunua seti nzima ya 0.50 pamoja na pini na ringi, nikasubiri mwezi mchongaji apate nafasi. Siku tunaifungua tukapima, 0.07. Nzima. Tulivyotikisa magineti ikacheza kama jino la mtoto. Beringi mbili, sili mbili, gasketi, na silensi ikarudi kukaa pale pale nilipoiacha, nikigeuza usukani haitikisiki. Ile pistoni ya 0.50 bado iko kabatini kwenye boksi lake, mke wangu ameiwekea vifungo vya mashati juu yake.